Pikipiki Iliyonyamazishwa

Asubuhi pikipiki haikuwa na neno. Iliwaka kwa kiki ya kwanza, ikapokea makreti yake ya mikate mgongoni na kuondoka kama kijana. Ugonjwa ulianza ikishapata moto. Ikifika kwenye ule mwinuko wa zahanati ilianza kumisi, moto unakatakata, kabureta ikapiga chafya, mara ya kwanza, mara ya pili, halafu kimya. Hapo unaweza kupiga kiki mpaka goti likusute, haiwaki. Dawa ilikuwa kuisubiri ipoe, na wakati inapoa, mikate nayo ilikuwa inapoa.

Mwenye pikipiki alikuwa mtu mzima, mume wa mtu, baba wa watoto wawili, na alikuwa na jina la utani asilolipenda hata kidogo: Cherehani. Alipewa na watoto wa mtaani kwa sababu pikipiki yake, kuukuu ya kurithi kwa baba yake, vali zake zililia tik-tik-tik, na mlio huo ulifika kabla ya yeye mwenyewe kufika. Wakubwa waliliokota jina kwa watoto. Mwisho hata wenye maduka wakawa wanaulizana kama Cherehani amekwishapita.

Siku hiyo mikate ilichelewa tena. Mwenye duka aliubonyeza mkate kwa kidole mbele ya wateja na kuuliza kama huo ni wa leo au ni wa arusi ya wazazi wake. Mwenye tanuri, ambaye ndiye mwajiri, hakugomba. Alimwambia tu, kwa upole wa kutisha, kwamba kuna kijana mwenye pikipiki mpya anapitapita kuulizia kazi. Cherehani alielewa. Ile pikipiki ndiyo iliyokuwa ikiinjika chungu nyumbani kwake. Akaisukuma mpaka gereji ya shemeji yake, jasho likimtoka, watu wakimpa pole ambazo hakuzihitaji.

*

Mbele ya gereji palikuwa na benchi refu la mbao. Ukileta chombo chako hapo, hukiachi ukaenda zako. Unakaa, unakodoa macho, maana kila mtu ana binamu aliyeacha pikipiki kwa fundi ikiwa na plagi mpya akaichukua ikiwa na plagi ya mwaka wa njaa. Fundi hakuwa na kinyongo na benchi hilo, kwani alilitengeneza mwenyewe. Alisema mteja aliyeona kwa macho yake halali na manung'uniko.

Mtu mmoja tu ndiye hakukaa, naye ni Cherehani. Angekaaje? Alikuwa amemwoa dada wa fundi, dada wa pekee, aliyelelewa na kaka huyohuyo tangu mama yao alipofariki, akasomeshwa kwa mikono ya grisi. Kila alipoleta pikipiki aliiacha na ufunguo juu ya tangi, akasema, "Shemeji, ipo," akaondoka. Jioni fundi mwenyewe aliiendesha mpaka kwa dada yake, akanywa chai, akarudi kwa miguu. Watu wa benchi waliuona utaratibu huo wakauonea wivu kidogo.

Siku hiyo, shemeji yake akiwa hajaondoka bado, fundi aliiacha ipoe, akaiwasha, akainamisha sikio.

"Imenyamaza hii," akasema. "Vali zako zilikuwa zinalia. Nani amezigusa?"

"Nani aziguse? Wewe ndiye fundi wangu."

Alidanganya. Jumapili moja, mkewe alipokwenda kumjulia hali shangazi, Cherehani alifungua vifuniko vya vali kwa spana ya kuazima na kuzikaza zile skrubu mpaka mlio ukafa. Fundi alikuwa amemkanya tangu zamani asiuguse mlio ule, na ndiyo maana aliona haya kusema. Lakini tumtendee haki, hakuona kama ametenda kosa. Siku za mwanzo pikipiki ilikwenda kimya kama ya bwana mkubwa. Halafu anayekohoa sasa ni kabureta, si vali, na mtu akikohoa unamtazama mdomoni.

Fundi naye, ambaye sikio lake lilikwisha mwambia ukweli, aliliweka sikio kando akashika neno la shemeji yake. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake, na ni kosa la watu wema. Akafungua kabureta, akapuliza vitundu vyake vyote, akapima boya, kisha akaisugua nje kwa petroli na brashi ya waya mpaka masizi ya miaka yote yakatoka. Aliisugua kuliko ilivyohitaji, kwa sababu ilikuwa ya nyumbani. Jioni akaipeleka, watoto wakamrukia mjomba wao, akanywa chai.

*

Kesho yake pikipiki ilikufa palepale kwenye mwinuko wa zahanati.

Cherehani alichuchumaa kuitazama, na kwa mara ya kwanza akaiona kabureta inang'aa. Ya baba yake ilikuwa nyeusi. Ilikuwa na michirizi ubavuni aliyoijua tangu utoto, na sasa hakuna michirizi, ni weupe mtupu kwenye pikipiki nzee. Moyo ukamwambia, hii si yako. Alikwisha sikia kwamba kabureta halisi za pikipiki hizi za zamani zinatafutwa na watu wenye pesa wanaokusanya vitu vya kale. Kisha akakumbuka kwamba gereji ya shemeji imeezekwa mabati mapya. Akakumbuka tena kwamba jana fundi hakukubali kikombe cha pili cha chai. Shaka haikosi ushahidi. Ukikosekana hujitengenezea wake. Kufika juu ya mwinuko, akisukuma, Cherehani alikuwa amekwisha kata hukumu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Aliingia gereji benchi likiwa limejaa.

"Shemeji, nirudishie kabureta yangu."

Fundi alidhani ni utani, maana shemeji na shemeji hawaachi kutaniana. "Nimeshaila na chai yako," akajibu, na benchi likacheka.

"Sicheki mimi. Yangu ilikuwa nyeusi. Hii umeitoa wapi?"

Kicheko kikakatika. Fundi alijifuta mikono taratibu, kidole kimoja kimoja, akaeleza kwamba ni ileile, ameisafisha tu. Cherehani akasema kitu kikioga hakibadiliki sura. Akasema kama imetengenezwa mbona bado inakohoa. Mwisho akanyoosha kidole juu na kuuliza mabati yale yamenunuliwa kwa pesa ipi. Fundi aliyatazama mabati yake kama anayaona leo. Angeweza kusema aliyawekea akiba mwaka mzima. Lakini mtu uliyemwoza dada yako, akikuuliza hivyo mbele ya watu, unaanzia wapi kujibu?

Mzee mmoja aliyekaa mwisho wa benchi akainuka. Akaenda kwenye pikipiki yake, akainama, akachungulia chini ya tangi. Akafuata wa pili. Akafuata wa tatu. Walikuwa wanakagua tu, na fundi alisimama katikati yao na tambara mkononi akiwatazama migongo.

*

Nyumbani Cherehani alitangaza kwamba shemeji yake asikanyage tena pale. Mkewe alibisha, akalia, akanyamaza. Kilichomuuma zaidi hakumwambia mtu: kwamba upande mmoja wa moyo wake uliamini. Mabati yalikuwa mapya kweli. Na kaka yake hakuwahi kumwambia ameyapataje.

Tena mama huyu alikuwa na shaka yake nyingine, ya ndani zaidi. Zamani mumewe akirudi, ule mlio ulimfikia akiwa bado kwenye kona, naye akapata nafasi ya kubandika birika na kuwaita watoto. Siku hizi hakusikia kitu. Alishtukia tu mtu amesimama mlangoni. Akaamua moyoni kwamba mumewe anazima pikipiki kwenye kona na kuja kwa kunyata, amfumanie. Amfumanie na nini, hakujua, ila aliacha hata kuongea na muuza maji kwa kuogopa kutafsiriwa vibaya. Nyumba ile ikawa na watu wawili wanaochunguzana, na kila mmoja akiona ni yeye anayeonewa.

Cherehani akaipeleka pikipiki mtaa wa pili, kwa fundi aliyeitwa Daktari kwa sababu alivaa koti jeupe lisilo na tone la oili. Daktari hakuiwasha. Aliuliza kwanza ni nani aliyeigusa, na alipoambiwa ni shemeji, alitikisa kichwa kwa huruma.

"Ndugu yangu, mimi sipendi kuvunja nyumba ya mtu," akasema. "Lakini hii si kabureta yako."

Maneno hayo yalimwingia Cherehani kama maji kwa mwenye kiu. Hatimaye kuna aliyeona. Daktari alikuwa nayo moja halisi, kwa bahati, imeviringishwa kwenye karatasi ya mafuta, na Cherehani akaitolea kodi ya nyumba ya mwezi ule. Ile ya zamani Daktari akasema ni chuma chakavu tu, atamsaidia kuitupa. Cherehani alikuwa amekaa kwenye kigoda, hatua chache kutoka mikono ile, na hakupepesa jicho tangu mwanzo hadi mwisho. Hivyo ndivyo kabureta ya baba yake ilivyoondoka, macho yakiwa wazi.

Ilikwenda vizuri mpaka ilipopata moto. Kwenye mwinuko wa zahanati ikakohoa. Alibadilisha plagi, akafungua choki, akafunga choki, akapuliza mpira wa petroli mpaka mdomo ukanuka, akapiga kiki. Akiwa ameinama hivyo, yule kijana mwenye pikipiki mpya alipita na makreti ya mikate yaliyoandikwa jina la tanuri. Alipiga honi kwa adabu, na adabu ile ilimuuma Cherehani kuliko tusi.

*

Dada mtu alimkuta kaka yake amekaa kwenye benchi lake mwenyewe. Hakukuwa na mtu mwingine. Ndani ya gereji kulikuwa na gurudumu moja la baiskeli.

Alikuwa amepanga kuanza na salamu, aulizie afya, aulizie wifi yake, azunguke mpaka afike. Badala yake aliuliza palepale aliposimama.

"Kaka, uliichukua?"

Fundi alimtazama.

"Na wewe," akasema.

Hakuwa na hasira. Laiti angekuwa nayo. Dada alitamani ardhi impasukie, akakaa mwisho wa benchi na kuanza kulia, na kaka yake akamwacha alie. Kisha, kwa kuwa fundi ni fundi hata akiwa amevunjika moyo, akauliza kama pikipiki bado inakufa. Dada akajibu inakufa ikipata moto, na kwamba mumewe ameweka kabureta nyingine kutoka kwa Daktari na hali ni ileile.

"Ile nyingine yuko nayo?"

"Kamwachia Daktari."

Fundi akafumba macho. "Ilikuwa ya baba yake ile." Kisha akayafumbua. "Na mlio wake? Umerudi?"

"Mlio uko wapi? Siku hizi hata simsikii akifika. Namshtukia mlangoni. Mimi najua anaizima kwenye kona ili anivizie."

"Tangu lini?"

"Tangu niliporudi kutoka kwa shangazi."

Fundi akasimama. Alitembea mpaka mlango wa gereji akarudi, akajipiga paja kwa kiganja. Ndipo akamweleza dada yake, polepole, kama alivyokuwa akimweleza hesabu za shule. Vali ni mlango wa chuma, na chuma kikipata moto kinarefuka. Kwa hiyo lazima ikiwa baridi iachiwe kijinafasi cha kurefukia, na kijinafasi hicho ndicho kinacholia tik-tik. Ukikibana, asubuhi utaona raha. Injini ikipata moto, vali haina pa kwenda, haifungi tena. Moto unarudi petroli ilikotoka, unatokea kwenye kabureta.

"Kabureta haina kosa," akasema. "Inatapika alichokula mwenzake. Nilimwuliza mimi. Nilimwuliza mbele ya watu nani amegusa vali, akaniambia hakuna. Nikamwamini."

Dada akamsihi aje nyumbani jioni aifungue, yaishe. Kaka akakataa. Hakuitiwa mwizi nyumbani kwa dada, aliitiwa hapa.

"Mwambie aje hapahapa. Na aje na watu wangu wa benchi. Yeye ndiye aliyewatawanya."

*

Jioni ile mama hakupandisha sauti. Aliwatoa watoto nje, akamwuliza mumewe alifanya nini Jumapili aliyokuwa kwa shangazi. Cherehani akaanza na habari za mwenye tanuri, akageukia mikate, akageukia wezi wa siku hizi. Mkewe akangoja tu. Hatimaye maneno yakamwishia.

"Walikuwa wananiita Cherehani," akasema. "Mpaka binti yetu aliniomba niwe namshusha mbali na shule. Unajua hilo? Aliona haya wenzake wakisikia."

Mkewe hakujua. Alimwonea huruma, huruma ya kweli kabisa, na akamwona jinsi alivyokonda. Lakini huruma hiyo haikumzuia.

"Wewe wanakuita Cherehani," akasema. "Kaka yangu wanamwita mwizi."

"Sikujua kama ni vali. Haki ya Mungu sikujua."

"Najua hukujua. Lakini ulijua umegusa."

Mficha maradhi kifo humuumbua, na Cherehani alikuwa ameumbuka mbele ya mtu ambaye hakutaka kabisa kuumbuka mbele yake. Hakulala vizuri. Asubuhi alikwenda kwanza kwa Daktari kuiomba ile kabureta ya zamani, akajibiwa kwamba chuma chakavu kimekwisha uzwa na anayetaka chuma chakavu atafute jalalani. Kisha akaanza kuzunguka mlango kwa mlango kuwatafuta watu wa benchi. Wengine walimsimamisha nje ya mlango bila kumkaribisha. Yule mzee wa mwisho wa benchi alitaka kujua anaitiwa kushuhudia nini. Cherehani akamwambia njoo tu, baba. Walikuja karibu wote, maana kitu cha kutazama bure hakikosi watazamaji.

*

Aliisukuma pikipiki mpaka ndani, akaweka ufunguo juu ya tangi.

"Shemeji, ipo," akasema, akageuka kutoka kama desturi yake.

"Kaa," fundi akasema.

Cherehani akatafuta nafasi kwenye benchi. Watu wakasogea kidogo, akabana ukingoni. Fundi akaanza kufungua. Kila alichokitoa alikinyanyua juu, kila mtu akione, akauliza kama ni chake. Nati hii ni yako? Yangu. Kifuniko hiki? Changu. Plagi? Yangu. Cherehani alijibu kama mtoto anayeitwa majina darasani. Ikafika zamu ya kabureta.

"Hii?"

"Si yangu."

"Yako iko wapi?"

"Nilimwachia Daktari. Nimerudi kuiomba, ameshaiuza."

"Nani alikulazimisha kumwachia?"

"Hakuna."

Fundi hakumcheka. Alifungua kifuniko cha vali, akachukua kipande chembamba cha chuma cha kupimia, akajaribu kukipitisha. Hakikupita. Akachukua chembamba zaidi, nacho hakikupita. Akamwita yule mzee ajaribu kwa mkono wake, mzee akajaribu, akatikisa kichwa. Ndipo fundi akarudia swali lake la siku ile, kwa maneno yaleyale.

"Nani amezigusa?"

Cherehani alitazama chini.

"Mimi," akasema. "Kabureta niliyokuja kukudai ilikuwa ni yangu ileile. Hukuniibia kitu."

Mzee akakohoa, akasema kwa niaba ya wote kwamba fundi awasamehe, macho ya mtu hufuata mdomo wa mwenzake. Fundi akaitikia kwa kichwa na kurudi kwenye kazi. Vali ya moshi ilikuwa imeanza kuungua ukingoni. Ikambidi ashushe kichwa chote cha injini, aisage vali kwa unga wa msasa mpaka ikae vizuri mahali pake, kisha arudishe kila kitu. Muda wote huo Cherehani alikaa pale ukingoni, akiitikia vitu vyake kila vilipoinuliwa. Jua lilipoanza kushuka, pikipiki iliwashwa. Tik-tik-tik. Fundi akaipandisha mwinuko wa zahanati na kurudi, akaizima ikiwa moto, akapiga kiki. Ikawaka.

Cherehani alisimama, macho yamemlowa, akanyoosha mikono yote miwili kumshukuru. Fundi hakuipokea. Mikono yake ilikuwa na grisi, alisema.

"Kagua kwanza kabla ya kuondoka."

"Sina haja ya kukagua, shemeji."

"Kagua, mteja."

Cherehani akachuchumaa mbele ya watu wote, akakagua, nati kwa nati.

*

Mama alikuwa jikoni mlio ulipomfikia kutoka kwenye kona. Tik-tik-tik. Moyo ukamruka kwa furaha, akabandika birika, akawaambia watoto mjomba anakuja. Akapanga vikombe.

Mumewe aliingia peke yake. Alikaa, akavua viatu, akasema pikipiki imepona kabisa, na mwenye tanuri, aliyempitia njiani, amekubali kumrudishia zamu ya asubuhi.

"Na kaka?"

Cherehani alisogeza viatu vyake chini ya kiti.

"Ameniita mteja."

Mama aliteremsha birika lililokuwa halijachemka, akakaa sakafuni, akalia kama mtu aliyefiwa. Watoto wakaja mlangoni kutazama, wakiuliza kama mjomba yuko nyuma.